Jibu: Kuhamia Uingereza na mtoto mwenye usonji, nianzie wapi?

Salama dada. Umeuliza mkitoka Dar kwenda Leeds na kijana wako wa miaka 7 mwenye usonji, ripoti zake za huko Dar zitasaidia au unaanza sifuri. Mimi nilihama na wangu nakwambia nilichopitia.

Cheki ripoti kwanza, ziwe za Kiingereza, zina tarehe na sahihi. Halafu mwombe mwalimu wake ukurasa mmoja tu, wangu aliandika "kengele ikilia anaziba masikio anaingia chini ya dawati, mpe dakika tano atatoka mwenyewe", yani kile kikaratasi kilitusaidia kuliko barua ya daktari.

Mkishapata makazi usisubiri shule, mzazi unaruhusiwa kuiandikia halmashauri mwenyewe kuomba tathmini ya EHCP, yani ule mpango wa kisheria unaoandika msaada mtoto anaotakiwa kupewa, wana wiki 6 za kukujibu kama wataifanya na wiki 20 kumaliza yote, wakikataa unakata rufaa. Sisi shule ilituambia tungoje kwanza azoee, tukangoja karibu mwaka mzima, inaniuma mpaka leo. Hii ni England lakini, Scotland wana utaratibu wao.

Shuleni muulizie SENCO siku ileile ya kwanza, ndo mwalimu anayeshughulika na watoto wetu. Na Kiswahili nyumbani msiache kabisa.