Kabla ya kufunga mzigo wa Moba, uliza ni ndege gani

Wafanyabiashara wenzangu wa Lubumbashi wanaopeleka mali kwa ndege Moba, Manono au Kongolo, miji ya ndani, huanza na swali moja: kilo ni bei gani? Mimi naanza na lingine: ni ndege gani inayokwenda? Jina la kampuni halinisaidii, maana kampuni ile ile leo hutoa ndege hii, kesho ile, na umbo la ndege ndilo linaloamua kama mzigo utaondoka au utalala Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi.

Tazama mabawa kwanza. Ndege kama Airbus A320 na Boeing 737, ambazo huruka safari ndefu kama ya Kinshasa, zina mabawa chini ya kiwiliwili, na injini zimening'inia karibu na ardhi. Kwenye lami safi hakuna tabu. Kwenye changarawe, injini ya namna hiyo hufyonza mawe. Boeing waliwahi kuifungia 737-200 vifaa vya viwanja vya changarawe: bamba nyuma ya gurudumu la mbele la kuzuia mawe yanayoruka, na mirija ya kupuliza hewa mbele ya injini. Matoleo yaliyofuata yalikuja na injini pana zaidi, karibu zaidi na ardhi, na vifaa hivyo vikaishia hapo. Kwa hiyo mtu akikuahidi jeti ya kutua kwenye pisti (njia ya kurukia na kutua) ya udongo, muulize mara mbili.

Ndege nyingi za huko ndani mabawa yake yako juu: Let 410, Twin Otter, Caravan, Antonov 26. Propela ziko mbali na mawe, na pikapu ikisogezwa mlangoni watu wawili wanapandisha bala (robota) la nguo bila mtambo wowote. Let 410 ilizaliwa Chekoslovakia, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1969. Magurudumu yake hukunjwa ndani ya vile vivimbe viwili vya ubavuni. Twin Otter ni ya Kanada, ya mwaka 1965, na magurudumu yake hayakunjwi kabisa. Yanapunguza mwendo hewani, lakini kisichokunjwa hakigomi kukunjuka, na mimi hapo nalala usingizi.

Zote mbili hubeba abiria 19. Ni kwa sababu ya sheria za Marekani na Ulaya: abiria wakizidi 19, lazima awepo mhudumu, na mhudumu ni uzito na mshahara. Wabunifu wakasimama hapo hapo.

Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ina injini moja tu. Najua mama wengi wanaokataa kuipanda kwa sababu hiyo. Mimi naipanda, lakini asubuhi, na mbingu ikiwa safi. Injini yake ni turbini, ya ukoo ule ule wa zile za Twin Otter, na inakunywa mafuta yale yale ya jeti. Hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa kuwa petroli maalumu ya vindege vya pistoni ni adimu sana katika viwanja vya Afrika. Ukipeleka mzigo kwa Caravan, chukua kwanza futi ya fundi nguo: mlango wa mizigo ni kama mita moja na robo kwa upana, na hivyo hivyo kwa kimo. Pikipiki ifunguliwe magurudumu na usukani nyumbani, si pale uwanjani huku rubani anakutazama.

Kitu kipana kweli, kama jenereta kubwa au mabati marefu, subiri Antonov 26. Mkia wake umeinuliwa juu ili mlango wa nyuma ushuke kama ngazi pana, na mlango huo unaweza pia kuteleza chini ya tumbo ili lori lirudi nyuma hadi sakafuni. Inabeba kama tani tano na nusu.

Sasa jambo ambalo watu hugombania na wapimaji mizani bila sababu. Unaambiwa mzigo wote hauwezi kwenda, na wewe unaona nafasi tupu kwa macho. Nafasi na uzito ni vitu viwili. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake tayari ni nyepesi, na joto la mwezi wa kumi linaizidishia wepesi. Mabawa yanapata kidogo cha kushika, injini zinapungua nguvu, ndege inahitaji pisti ndefu zaidi. Pia, kama kule unakokwenda hakuna mafuta, ndege inaondoka na mafuta ya kurudia, na kila lita inakula nafasi ya kilo zako. Ndiyo maana ndege ile ile hubeba mzigo tofauti kwa safari tofauti. Omba safari ya alfajiri, na gawanya mali yako mapema: ya lazima kwenye vifurushi vyake, ya kusubiri kwenye vingine, kila kimoja kikiandikwa kilo zake. Wakiamua kupunguza, uamuzi unakuwa wako.

Na ukiambiwa ukae kiti cha mbele au cha nyuma, kaa. Tarehe 25 Agosti 2010 Let 410 ilianguka Bandundu ikielekea kutua. Watu 20 walikufa, akapona mmoja. Huyo alisimulia kwamba mamba aliyefichwa katika begi alitoka, na abiria wakakimbilia mbele wote kwa pamoja. Katika ndege ndogo, watu wakihama hivyo uzito unahama nao, na mkia hauna tena nguvu ya kuisawazisha pua. Hata ATR 72, yenye viti kama 70, huwekewa mti wa kutegemeza mkia inapokuwa imesimama, kwa sababu abiria hupandia nyuma. Mnyama hai ndani ya begi, hapana, hata kuku.

La mwisho ni chupa. ATR na jeti zina presha ya hewa ndani. Let, Twin Otter na Caravan hazina. Zikipanda juu, hewa iliyofungiwa ndani ya chupa au bidoni (dumu) inavimba na kusukuma kifuniko. Mafuta ya kupikia yaachie nafasi kidogo juu, kaza kifuniko, funga kwa plastiki, simamisha wima. Dawa za maji fanya vile vile, na uzitenge na nguo. Kurudi kutoka Moba mzigo ni ndakala, yaani dagaa, na hao hawavuji. Wafungie mifuko miwili tu, kwa ajili ya pua za abiria wenzako.