Kipimo kinasema ana mzio wa ngano na karanga, lakini anavila kila siku

SWALI: Mimi ni tabibu. Nina mgonjwa wa miaka 16 anayepata mafua ya mzio kila nyasi zinapochanua. Kipimo cha damu cha IgE (kingamwili ya mzio) kimetoa chavua ya nyasi 48 kU/L, ngano 3.1, karanga 2.4 na soya 1.2. Vyakula hivyo vitatu anavila mara kwa mara na havimsumbui. Anacholalamikia ni kuwashwa mdomo akila tikiti. Mama yake anataka kumwachisha vyote vitatu. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, tabibu. Kijana anayekula mkate na karanga bila dalili ameshakupa jibu ambalo maabara haiwezi kulitengua. IgE inatuambia kwamba mwili umekitambua kitu. Haituambii kama kitu hicho kitamdhuru. Tena kumwachisha chakula anachokivumilia kuna hatari yake: wapo wagonjwa, hasa wenye pumu ya ngozi, waliokatazwa chakula kwa sababu ya kipimo tu, na walipokirudia baadaye wakapata mzio wa kweli.

Sasa angalia ile 48, maana chanzo cha namba nyingine zote huenda kiko hapo. Kingamwili haijui jina la mmea, inashika umbo la protini. Ngano yenyewe ni nyasi, kwa hiyo kufanana kwake na chavua ya nyasi si ajabu. Karanga na soya ni jamii ya kunde, ziko mbali, lakini zinashiriki na nyasi vitu viwili. Cha kwanza ni profilini, protini iliyomo karibu katika kila mmea. Cha pili ni vipande vya sukari vinavyoning'inia kwenye protini za mimea. Mwenye IgE dhidi ya sukari hizo huonekana kwenye karatasi kama ana mzio wa nusu ya bustani, na kwa kawaida hana dalili yoyote ya chakula. (Sukari ya alfa-gal, iliyomo kwenye nyama ya wanyama kama ng'ombe na nguruwe, ni kesi nyingine kabisa: hiyo inaweza kuangusha mtu saa kadhaa baada ya mlo, na mwili huanza kuipinga baada ya kuumwa na kupe.)

Maabara ikiwa na uwezo wa kupima protini mojamoja, kwa karanga huangaliwa Ara h 2, kwa soya Gly m 5 na Gly m 6, na kwa ngano omega-5 gliadini. Hizi ni protini za akiba za mbegu, hazivunjiki kirahisi kwa moto wala tumboni, na ndizo zinazoambatana na mzio mkali. Phl p 12, yaani profilini ya chavua ya nyasi, itakuonyesha kama profilini inahusika. Lakini kwa mgonjwa huyu nisingemtoboa tena: akila bila shida, matokeo hayo hayatabadilisha ushauri wako. Nadhani kosa lilifanyika pale vyakula vilipoongezwa kwenye fomu ya maabara kabla ya kumuuliza anakula nini.

Tikiti ndilo la kulifuatilia. Huenda kingamwili ya chavua inashika profilini ya tikiti, na profilini huvunjwa haraka na asidi ya tumbo, ndiyo maana mwasho huishia mdomoni na kutulia baada ya muda mfupi. Likimkera, aliache hilo peke yake. Ila muulize vizuri: amewahi kutokwa na vipele mwilini, kutapika, kukohoa au kubanwa kifua baada ya kula? Ilitokea alipokuwa amefanya mazoezi au amemeza dawa ya maumivu? Jibu likiwa ndiyo, usiite tena mwasho wa chavua. Pichi, kwa mfano, ina Pru p 3, protini isiyojali kupikwa wala asidi, na mtu anaweza kuanza na mdomo tu kisha siku nyingine akazimia. Hapo mpeleke kwa bingwa wa mzio, na kama shaka itabaki, chakula kijaribiwe kidogokidogo hospitalini penye adrenalini.

Kwenye faili usiandike "mzio wa ngano, karanga na soya." Andika "IgE chanya, anavila bila dalili," ili tabibu atakayempokea baada yako asianze tena kumkataza.