Nyuzi 31 kila siku, simu imeharibika au?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mtu wa bara kabisa, nimehamishiwa kikazi mji wa pwani. Tangu nifike simu inaniandikia nyuzi 31, leo 31, kesho 31, ikijitahidi sana 32, nikaangalia na miezi ya nyuma nikakuta mambo ni hayohayo, sasa imeharibika au? Alafu bara jua lilikuwa linafika 34 na napiga kazi freshi tu, huku 31 shati limelowa kabla ya saa tatu asubuhi. – Mgeni wa Pwani

JIBU: Marahaba. Simu yako nzima, ndo pwani ya tropiki ilivyo. Karibu na ikweta jua halikukimbii, mwaka mzima mchana linapita huko juu, na urefu wa siku haubadiliki sana. Kwenye latitudo 5, yaani karibu tu na ikweta kaskazini au kusini yake, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinapishana kama nusu saa hivi, wakati London mchana wa Juni unapita saa 16 na wa Desemba haufiki hata 8. Ongeza na bahari sasa. Maji yanataka joto kama mara tano ya mchanga mkavu wa uzito uleule ndo yapande nyuzi moja, na mawimbi yanalichanganya hilo joto mpaka chini, kwahiyo bahari haina haraka ya kupanda wala kushuka, na mji ulio pembeni yake inabidi uifuate. Ndo maana Singapore, iliyokaa karibu kabisa na ikweta, rekodi yake ni nyuzi 37, ilifika 1983 ikaja kufika tena 2023, basi. London ya makoti na miavuli ilipita 40 Julai 2022. Watu wanabishaga sana hapo.

Sasa tuje kwenye shati. Jasho linakupoza pale linapokauka, sio linapotoka, lile linalodondoka chini umepoteza maji bure. Nyuzi 34 za bara hewa ikiwa kavu, unyevu tuseme asilimia 26, jasho linaondoka hata hujaliona na mwili unaona kama 33 tu. Nyuzi 31 za pwani zenye unyevu wa asilimia 70 hewa ina mvuke mwingi tayari, jasho linakauka kwa shida, na mwili unaona kama 37 au 38, na hapo tunaongelea kivulini! Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kimo cha mtu hivi, hakipigwi jua, kwahiyo ukisimama juani au chini ya bati ile namba ya simu haikuhusu.

Ukitaka kujua hali ya siku, achana na nyuzi. Mimina maji ya friji kwenye glasi uweke mezani. Ikilowa nje dakika hiyohiyo na kuacha duara la maji mezani, ujue hewa ina mvuke mwingi na leo ni fukuto, panga kazi nzito mapema. Ikibaki kavu, mshukuru Mungu. Mwili nao utazoea, wiki moja mpaka mbili utaanza kutoa jasho mapema zaidi na lenye chumvi pungufu, ila siku za mwanzo usijitie ushujaa.

SWALI: Kwahiyo pwani yoyote ya tropiki joto ni hilohilo? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Hapana. Lima ya Peru iko latitudo 12 kusini, tropiki kabisa, lakini mbele yake unapita mkondo wa maji baridi ya bahari unaoitwa Humboldt, ndo maana Agosti inacheza kwenye 15 mpaka 19 na mawingu kutwa. Na hata penye joto miezi haifanani, Mumbai ya India Mei inawaka kuliko Julai kwa sababu Julai mawingu ya mvua yameshafunika anga.

SWALI: Mhariri mi shida yangu usiku. Mchana navumilia, usiku silali, na feni naiacha inazunguka tangu mchana ili chumba kipoe. – Mama Wawili

JIBU: Pole dada. Feni haipozi chumba, inampoza mtu, inasukuma ile hewa yenye jasho iliyokugandia mwilini. Chumba kikiwa hakina mtu inakula umeme tu na mota yake inaongeza joto kidogo, zima. Usiku wa pwani haupoi sana kwa sababu mvuke ulioko hewani unalizuia joto lisiondoke na bahari nayo bado ya moto, hivo usingoje usiku wa manane ukusaidie. Fungua madirisha ya pande mbili upepo upite, zuia jua la alasiri lisipige ukuta wa chumbani, na nguo mbichi usianike ndani, unaongeza mvuke mwenyewe. Oga maji ya kawaida, usijifute sana, alafu lala feni ikupige, hapo ndo inafanya kazi. Kama una kiyoyozi, yale maji yanayochuruzika kwenye mpira nje ni ule mvuke kimeutoa chumbani, na mvuke ukipungua jasho linakauka, kwahiyo kiweke 26 au 27 pamoja na feni, huna haja ya kukishusha mpaka 18, bili utaiona.