Breki ya trela "isiyo na waya" bado yataka waya

Wiki hii wasomaji wengi wameuliza kuhusu vile vifaa vya kukaza breki za trela kwa simu. Nawajibu hapa.

Fundi, navuta boti kwa Prado kutoka Nyali hadi Mtwapa. Muuzaji aniambia kifaa hiki hakitaki waya wowote. Kweli?

Si kweli, kaka. "Bila waya" ni mawasiliano tu, kati ya simu yako uliyeshika usukani na kisanduku cha kifaa hicho kilichochomekwa nyuma ya gari. Amri hupita hewani, umeme haupiti. Kila gurudumu lenye breki ya umeme lina sumaku ya kukaza breki inayokula ampia 3 hivi, kwa hiyo trela ya magurudumu manne yataka 12. Zote hizo zatoka kwenye betri ya gari, kwa waya mnene wenye fyuzi yake, kisha hurudi kwa athi, yaani waya wa kurudisha umeme. Kisanduku chataka pia waya wa taa ya breki, maana ndio unaokiambia kwamba umekanyaga. Kikishajua, kihisi chake hupima gari linavyopunguza mwendo, nacho hupeleka umeme kwa kadiri hiyo. Unachoepuka ni kutoboa dashibodi na kupitisha waya hadi kwa dereva. Kazi ya nyuma iko palepale.

Na kabla hujatoa pesa, inama uchungulie nyuma ya gurudumu la trela. Ukiona nyaya mbili zaingia kwenye drami, lile bakuli la chuma la breki, hizo ni breki za umeme. Ukikuta badala yake kiungo cha mbele kinachoteleza kikisukumwa, trela hujifunga breki yenyewe kwa uzito wake, na kifaa hiki hakina kazi hapo.

Soketi yangu ina matundu saba, kifaa kina pini saba. Mbona haviingiliani?

Saba hizo si sawa, dada yangu. Soketi ya duara ya mtindo wa Uingereza ina indiketa mbili, taa ndogo za kushoto na kulia, taa ya breki, taa ya ukungu na athi. Hesabu mwenyewe: matundu yamekwisha, na hakuna la umeme wa betri wala la breki za trela. Ya Kimarekani yenye pini bapa inavyo vyote viwili, na ndiyo vifaa vingi hivi vilivyotengenezewa. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Umeme usiokuwepo hauletwi na adapta. Mwambie fundi avute waya mpya kutoka kwenye betri.

Tena, trela nyingi za Marekani hutumia waya mmoja kwa taa ya breki na indiketa, ilhali magari yetu ya Japani huzitenganisha. Hapo pawekwe moduli, kikasha cha kuziunganisha. Fundi akianza kusokota nyaya pamoja, mzuie.

Simu ikizima nikiteremka Mazeras, breki zafa?

Kwenye kifaa kizuri, kiwango ulichopanga hubaki ndani ya kisanduku, nacho huendelea kukaza ukikanyaga pedali. Utakachokosa ni kitufe cha simuni cha kukaza trela peke yake, kile kinachookoa inapoanza kuyumba. Soma kitabu chake, kisha zima simu uwanjani, endesha polepole, ukanyage. Trela ikichomoka kabisa, tegemeo ni swichi ya kamba, ile inayokaza breki kamba ikivutika, na betri yake ndogo, kwa hiyo betri hiyo isikae bila chaji.

Naendesha lori la trela, Changamwe. Nami niweke?

Hapana, mzee wangu. Lori lako ni la volti 24 na breki zako ni za upepo, na kifaa hiki ni cha breki za umeme za volti 12.

Breki zilikuwa kali, sasa zimelegea. Boti naishusha baharini kila wiki.

Mwezi uliopita nilifungua plagi ya trela kama yako. Pini ya athi ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa kwa bisibisi ikamomonyoka. Kutu hiyo huzuia umeme: ukinzani wa omu 0.2 tu, kwa ampia 12, hula volti 2.4, na sumaku hulegea. Chomoa plagi kabla trela haijaingia majini, osha drami kwa maji matamu, upake pini grisi ya umeme.

Kupima ni rahisi kwa sababu dira unayo botini. Isogeze karibu na drami, mwenzako akaze breki. Sindano ikihama, sumaku yapata umeme. Isipohama, anza na athi kabla ya kulaumu kisanduku.