Maswali ya Wasomaji: Nianze na Huduma au na Programu?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta na nimejiwekea akiba itakayonitosha kwa miezi minane. Nimekusudia kuitumia yote kuandika programu ya kuwasaidia wenye nyumba za kupangisha kufuatilia kodi, madeni na mikataba ya wapangaji wao. Rafiki yangu ambaye ni mzoefu wa biashara ananishauri nisiandike chochote kwanza, bali niwafanyie wenye nyumba kazi yenyewe kwa malipo, na programu ije baadaye. Hoja yake naiona, lakini nahofia kugeuka karani wa watu na kukuta miaka mitano imekwisha bila programu. Nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, shika ushauri wa rafiki yako, ila hofu yako usiitupe, kwa sababu itakufaa baadaye.

Ukianza kwa kuandika, utaandika kile unachodhani kuwa ni kazi ya mwenye nyumba. Ukimfanyia kazi hiyo kwa miezi miwili au mitatu, utamkuta mpangaji anayelipa kodi ya mwezi mmoja kwa mafungu matatu, mwingine ambaye malipo yake huingia kwa jina la shemeji yake, na wa tatu aliyekubaliana kwa mdomo kupunguziwa kodi kwa kuwa alitengeneza bomba kwa fedha zake. Mambo hayo hayamo katika mkataba wowote, na ukimhoji mwenye nyumba hatakutajia hata moja, kwa maana ameyazoea kiasi cha kutoyaona tena. Huenda pia ukagundua kwamba ile ripoti ndefu uliyopanga kuijenga kwa wiki sita haina msomaji, na kwamba mteja anachotaka kila mwanzo wa mwezi ni kuambiwa jambo moja tu: nani hajalipa.

Hata hivyo, neno «huduma» lina maana mbili hapa, na wengi hupotelea katikati yake. Yuko anayewaandikia wateja programu kwa agizo, kila mmoja na yake. Huyo ana kazi ya heshima, lakini mwisho wa mwaka anaweza kuwa na programu sita zisizofanana na asiwe na hata moja ya kuuza. Na yuko anayeuza matokeo, yaani anamhakikishia mteja kwamba hesabu za kodi zitakuwa sahihi na wadaiwa watakumbushwa, huku zana anazotumia kufikia hapo zikiwa shauri lake mwenyewe. Wewe uwe huyu wa pili. Anza na lahajedwali la kawaida, yaani jedwali la hesabu la kwenye kompyuta kama Excel, na mteja hana haja ya kujua.

Njia hii ina watangulizi. Kampuni ya 37signals ilianza mwaka 1999 huko Chicago ikibuni tovuti za wateja; kwa kuwa ilihitaji mahali pa kupangia miradi hiyo, ilijitengenezea zana yake, ikaitoa kwa umma mwaka 2004 kwa jina la Basecamp, na hatimaye ikaacha kazi ya wateja. Ben Chestnut na Dan Kurzius nao walikuwa wabunifu wa tovuti ambao wateja wao waliwaomba msaada wa kutuma barua pepe za matangazo, kazi waliyoiona ya kuchosha, nao wakaitengenezea programu ya Mailchimp mwaka 2001. Tazama miaka: hadi mwaka 2007 ndipo walipoigeukia programu hiyo kwa nguvu zao zote. Intuit, kampuni ya Marekani ya programu za fedha, iliinunua mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12, na watu hupenda kusimulia sehemu hiyo; mimi naipenda zaidi ile miaka sita ambayo huduma iliwalisha huku programu ikikua polepole.

Sasa tuirudie hofu yako. Mtu hugeuka karani wa kudumu anapopokea kila mteja na kila kazi. Leo ni kodi, kesho anaombwa kutafuta fundi, keshokutwa kusimamia ujenzi wa ukuta, na kwa kuwa fedha ni fedha anakubali. Kataa. Chagua wenye nyumba wa aina moja, wawe na kazi moja inayofanana, na asiwepo miongoni mwao mteja mkubwa kiasi kwamba akiondoka utashindwa kuishi, kwani huyo atakuwa mwajiri wako hata kama hamjaandikiana hivyo.

Jambo la pili, ambalo nalitilia mkazo kuliko yote, ni namna ya kutoza. Usitoze kwa saa. Anayetoza kwa saa hujiadhibu kila anapoandika msimbo, yaani maagizo ya programu, wa kumrahisishia kazi, maana saa zikipungua mapato nayo hupungua. Toza kiasi maalumu kwa kila nyumba kwa mwezi. Hapo kila saa unayoiokoa ni yako, na siku utakapomkabidhi mteja programu aitumie mwenyewe, atakuwa amekwisha kuzoea kulipa kila mwezi.

Andika saa unazotumia kwa kila mteja, si kwa ajili ya ankara bali kwa ajili yako. Tuseme una wateja kumi na kila mmoja anakula saa sita kwa mwezi: hizo ni saa 60. Usianze kuandika msimbo hadi hatua ileile imejirudia kwa wateja watatu au zaidi, kisha ianze ile inayokula saa nyingi. Kama baada ya nusu mwaka saa sita zimekuwa mbili, programu yako inazaliwa. Kama bado ni sita, unaendesha ofisi ya huduma, na hapo hofu yako ina haki ya kusema.

Kwa haki niongeze kwamba ushauri huu haumfai kila mtu. Anayetengeneza michezo ya kompyuta hana huduma ya kuanza nayo.

SWALI: Nilimtengenezea mteja zana ndogo nikiwa namfanyia kazi. Sasa nataka kuwauzia wengine, naye anasema ni mali yake kwa kuwa alilipa. Nani mwenye haki?

JIBU: Jibu limo katika mkataba wenu, na kama haukuandikwa, mwone wakili wa nchini mwako kabla ya kuuza, kwa kuwa sheria za hakimiliki hutofautiana. Waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM na kuanzisha SAP, kampuni ya programu za biashara, nchini Ujerumani mwaka 1972 waliandika programu zao za mwanzo kwa ajili ya kiwanda cha ICI, kampuni ya kemikali, tena kwenye kompyuta za mteja huyo kwa kuwa hawakuwa na zao, na bado kazi hiyo waliweza kuwauzia wengine. Kwa mteja wako ajaye, andikeni kabla ya kazi kuanza kwamba data zote ni zake na atapewa nakala siku yoyote akizitaka, na kwamba msimbo ni wako naye ana ruhusa ya kuutumia. Mteja wa sasa huenda akaridhika na ruhusa ya kudumu ya kuitumia zana hiyo bila malipo; mpe pendekezo hilo kwa maandishi kabla hamjafikishana mbali.