Jibu: Bega linarudi kuuma kila baada ya masaji
Ndugu, unasema bega linatulia siku mbili baada ya masaji kisha linarudi palepale. Pengine unasuguliwa harakaharaka. Jaribu kugandamiza polepole: weka mpira wa tenisi kati ya ukuta na mgongo, pembeni ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Sogea taratibu hadi uguse kile kifundo, yaani sehemu ya msuli iliyokaza na inayouma, kisha tulia hapo sekunde 30 hadi 90 huku ukipumua. Maumivu yawe ya "hapo hapo!", si ya kukunja uso. Mimi nilijigandamiza kwa hasira, ngozi ikavilia damu. Na kama unainamia simu siku nzima, mpira hautafua dafu. Ukihisi ganzi au mkono kukosa nguvu, acha, muone daktari.