Hisa badala ya malipo? Dai vyote viwili

Ndugu, umeuliza kama ukubali hisa asilimia 5 bila mshahara ili uongoze ujenzi wa programu ya kampuni changa. Usikubali hisa tupu. Dai pesa ya kuishi, hisa ziwe nyongeza iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa kawaida hisa hukomaa, yaani huwa zako kidogo kidogo, kwa miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia hupati kitu. Chukua asilimia 30 ya malipo ya pesa kabla hujaanza, na haki za msimbo (kodi ya programu utakayoandika) zihamie kwa kampuni baada ya malipo ya mwisho.

Kama programu itapokea malipo ya M-Pesa, kazi ya kuiunganisha ipangie siku zake kwenye bei. Wakati mwingine taarifa ya muamala haifiki kwenye seva: mteja ameshakatwa, oda bado inasoma haijalipwa. Hifadhi CheckoutRequestID, yaani namba ya utambulisho ya ombi la malipo inayotoka M-Pesa, kisha programu yenyewe iulizie hali ya muamala.